Mhusika wa mchezo naye ana kwao

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa vijana ulieleza ile michezo ya hadithi inayochezwa mezani kwa dadu, ambayo vijana wetu hapa Lubumbashi wanaiita je-de-rol. Nilikata ukurasa ule nikaubandika ukutani, karibu na mashini yangu ya kushona, kwa kuwa sikuwahi kuona gazeti la Kiswahili likiuzungumzia mchezo huu kwa heshima. Lakini mwandishi wenu alitoa shauri moja ambalo siwezi kuliacha lipite. Alisema kila mchezaji akae peke yake nyumbani, aandike historia ya mhusika wake kurasa tatu, amkabidhi mwendeshaji kwa siri, na wenzake wasijue lolote mpaka mchezo ufike katikati. Sisi tulifanya hivyo hivyo mwaka juzi. Kundi letu lilikufa Jumapili ya tatu, na kijana mmoja aliumia kwa namna ambayo mpaka leo inaniuma mimi.

Nina miaka 46. Nashona nguo Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, na Jumapili baada ya ibada tunakaa watu sita kibarazani kwangu, kuizunguka meza ya kukatia vitambaa. Aliyeuleta mchezo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alipakua kwenye simu kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile zilizoachiwa bure Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, akawa anazichapisha kidogo kidogo kadiri pesa ya fotokopi ilivyopatikana. "Mama mdogo," aliniambia, "wewe unajua kusimulia, utuongoze." Nikakubali.

Kwa msomaji ambaye hakuliona gazeti lile: mchezo huu ulitungwa Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974. Mtu mmoja anaendesha. Yeye ndiye anayesimulia nchi, mvua, maadui na wenye maduka. Wengine kila mmoja ana mtu wake, mwindaji au mwizi au mpiga ngoma, na kazi yake ni kusema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua, na dadu kubwa ya mchezo huu ina pande 20. Sisi hatukuwa nayo. Nilichukua vifungo 20 vya shati, vyote vya ukubwa mmoja, nikaviandika namba kwa rangi ya kucha, tukavitia katika kopo la maziwa. Mchezaji anachota kimoja bila kutazama, anakisoma, anakirudisha, kopo linatikiswa. Hesabu ni ileile.

Walikuja watano. Wanne walileta kurasa zao tatu tatu zimekunjwa, nami nilizisoma usiku kwa taa ya simu. Wa kwanza: yatima, kijiji chake kimechomwa. Wa pili: yatima, kijiji kimechomwa, anatafuta kisasi. Wa tatu alikuwa na baba, ila baba huyo ndiye aliyechoma. Wa nne, yatima tena. Kila karatasi ukiisoma yenyewe ilikuwa nzuri. Mmoja alikuwa ameeleza jinsi nyasi mbichi za paa zinavyonuka zinapoungua, moshi wake mzito ulivyo mweupe kabla haujawa mweusi, na mimi niliisoma sehemu ile mara mbili. Lakini ulipoziweka zote pamoja mezani ulikuwa na watu wasiojuana, wasiodaiana, wasio na shangazi wala mtu wa kuwazika.

Basi Jumapili ya kwanza niliwakutanisha kwenye nyumba ya pombe njiani, kama ilivyo desturi ya michezo hii. Wakatoka pamoja. Wakafika mtoni. Mwizi wetu akateleza, maji yakamchukua. Nikawauliza wengine: mnafanya nini? Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye ni mtu mwema kuliko wengi ninaowajua, alinitazama kwa moyo safi kabisa akasema: "Juu ya nini nimuokoe? Miye simujue."

Alikuwa na haki. Mtu wake alikuwa amekulia peke yake porini, ameapa kutomwamini yeyote, na hayo yote yalikuwa yameandikwa kwa wino. Nilitafuta neno la kumjibu sikulipata. Ikabidi nimwokoe mwizi mwenyewe, kwa mvuvi niliyemtunga palepale. Kufikia Jumapili ya pili kila mtu alikuwa anavuta hadithi upande wa kisasi chake. Nilikuwa nasimulia kwa zamu: huyu dakika ishirini, wengine wanatazama simu, kisha huyu.

Halafu ikaja Jumapili ya tatu, ile ya kufichua siri. Yule wa moshi mweupe alisimama akazisoma kurasa zake kwa sauti, kwa ufundi, na sote tukanyamaza. Mchezaji wa tano, kijana ambaye alikuwa hajaandika chochote, alichukua begi lake, akasema anakwenda kumwona ndugu yake, akatoka. Hakurudi wiki ile wala iliyofuata. Kijana yule alikuja Lubumbashi akitokea mashariki ya nchi yetu, kwenye vita, na mnajua wote watu wanaotoka mashariki wanatoka katika nini.

Nilimfuata anakokaa, mtaa wa Ruashi, na mikate ya mafuta katika karatasi. Tulikaa nje, tukala. Hakuniambia mengi. Alisema tu: "Mama, ile kwetu haiko hadithi."

Mhariri, mwandishi wenu anasema siri ndiyo utamu. Mimi ninawaambia kwamba katika kundi letu siri ile ilinifanya mimi peke yangu nijue kinachokuja. Nilikuwa nimeisoma. Nilijua yule kijana ametoka wapi. Sikuunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu moja lilikuwa karatasini na lingine lilikuwa limekaa mbele yangu likinywa chai. Kama tungeziandika historia zile pamoja, mezani, kalamu ingesimama katika mstari wa kwanza. Angesema, au uso wake ungesema.

Ndipo mpwa wangu akaenda kutafuta wengine wanafanyaje. Akakuta kwamba jambo hili lina historia ndefu kuliko tulivyodhani. Katika vile vijitabu vya 1974 hakuna anayekudai maisha ya nyuma ya mtu wako. Unachota nguvu zake kwa dadu, unanunua kamba na taa, unashuka pangoni, na mara nyingi unafia huko. Mwaka 1977 ukatoka Traveller, mchezo wa safari za angani, ambao dadu inakupitisha katika miaka ya kazi ya mhusika kabla mchezo haujaanza, na anaweza hata kufa kabla hujamchezesha. Toleo la Dungeons & Dragons la 2014 linakuuliza mtu wako alikuwa nani zamani, anaamini nini, amefungamana na nini, na ana doa gani. Hayo ni maswali mazuri, lakini bado unayajibu peke yako. Lililotufaa sisi lilikuwa katika mchezo uitwao Fate, toleo la 2013. Huko kila mchezaji anaandika mkasa mmoja uliompata mhusika wake, kisha karatasi inapita kwa mwenzake, naye anaandika mhusika wake mwenyewe aliingiaje katika mkasa ule. Inapita tena kwa mwingine. Mchezo unapoanza, kila mtu ameshaingia katika maisha ya wawili.

Niliposikia hivyo nilimwambia mpwa wangu: mbona hii ni desturi ya kwetu? Mgeni akiingia uani hapa Kamalondo, kabla hujamuuliza anafanya kazi gani unamuuliza, "Weye uko mwana wa nani? Kwenu ni fasi gani?" Na hutulii mpaka mmepata mtu mmoja mnayemjua wote wawili, hata kama ni shemeji wa jirani wa mtu aliyefanya kazi na marehemu baba yako kiwandani. Mkishampata, chai inawekwa. Wahusika wetu wa kwanza wasingeweza kulijibu swali hilo. Walikuwa wametungwa makusudi wasiweze kulijibu.

Basi tuliitana upya, jioni ya Jumamosi, bila vifungo na bila kopo. Nilinunua daftari moja la shule la kurasa 48. Kwanza tuliipa nchi yetu sura: nchi ya matanuru, ya vichuguu vikubwa ambavyo udongo wake unajengea tanuru za kuyeyushia shaba, kama wazee wa Katanga walivyofanya, na fedha yake ni misalaba ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya kweli katika nchi hii kwa karne nyingi kabla ya faranga. Vijana waliipenda mno. Mmoja alisema kwamba maisha yake yote alidhani nchi za hadithi lazima ziwe na theluji.

Maneno nayo tuliyachagua kwa pamoja, na hapa naomba wanaocheza wanisikilize. Kitabu kina mtu wa maajabu, na ukikitafsiri upesi utamwita mchawi. Usifanye hivyo katika mji huu. Hapa kuna watoto waliofukuzwa majumbani kwa neno hilo. Halitamkwi kwa kucheza, na majirani wakilisikia kibarazani watakuwa na haki ya kuuliza. Sisi tunamwita mjuzi. Kitabu kina pia watu wafupi wanaoishi chini ya milima na kufua chuma. Wengine huwaita mbilikimo, neno ambalo katika nchi yetu limetumika kuwadharau watu walio hai. Tukawaita Watu wa Tanuru. Tulitumia nusu saa kwa maneno mawili, wala sikuona ni nyingi.

Daftari likaanza kuzunguka. Fundi wa kuchomelea, ambaye mtu wake anaitwa Lumbwe, wa Watu wa Tanuru, aliandika: *Nilijenga tanuru kilimani kwa haraka, udongo haujakauka. Usiku wa kwanza likapasuka. Niliungua mkono wa kulia.* Akasukuma daftari kulia kwake, kwa dada mmoja muuguzi, ambaye mtu wake ni mwindaji, Senga. Aliandika polepole, kama anavyoandika fishi za wagonjwa: *Nilisikia mlipuko, nikatoka porini na majani. Nilimfunga mkono siku sita. Hakunilipa na sikumdai. Katika homa alikuwa anataja jina la mwanamke, kila usiku jina lilelile.* Daftari likapita kwa binti anayeuza mkopo wa simu, yaani vocha, pale njia panda, mwenye kumchezesha mwizi, Kito. Alisoma. Akasoma tena. Akaiweka kalamu juu ya meza, akaikunja mikono, sote tunamtazama. Kisha akaishika akaandika mstari mmoja: *Jina hilo ni la dada yangu. Walikuwa likelemba moja, na Lumbwe alikula zamu yake, misalaba 11.* Likelemba ni ule mchango wa pesa ambao wanachama wanaupokea kwa zamu.

Fundi alipiga kelele, "Aaah! Miye?" na papo hapo akaanza kucheka, na baada ya kucheka akanyamaza, akasema taratibu: "Njo maana nilijenga ile tanuru kwa haraka." Nataka wasomaji waone kilichotokea hapo. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini aliandika neno "haraka". Mwenzake wa tatu ndiye aliyempa sababu, naye akaipokea kama kitu alichokuwa amekisahau. Watu watatu, mistari saba, na kutoka siku ile haikuwezekana tena kwa mmoja wao kusema kwamba hamjui mwenzake.

Ni kweli kuna hatari yake. Usiku uleule mpwa wangu alimwandikia yule binti kwamba Kito aliwahi kuwa mchumba wa mtu wake, na binti akakaza uso. Tukaifuta. Tangu hapo tuna kanuni moja: unaweza kumwandikia mtu wa mwenzako deni, ugomvi, msaada, hata aibu, lakini lazima umtazame machoni kwanza akubali, na mambo ya mapenzi na ya mwili hayaandikwi na mwingine kabisa. Vilevile kila mmoja anataja jambo ambalo halitaguswa mezani, na hatumwulizi sababu. Anaweza kulitaja mezani au kuninong'oneza mimi.

Sasa niijibu hoja ya siri kama inavyostahili, kwa kuwa mwandishi wenu si mjinga na ninaelewa anachokitaka. Anataka mshangao. Lakini mshangao unatoka wapi? Sisi Waluba tunasimuliwa habari za Nkongolo, mfalme mwekundu, na Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetokea mashariki, akapokelewa na mfalme, akamzalisha dada ya mfalme, kisha akaenda zake. Mtoto ndiye Kalala Ilunga. Alipokua, hodari kupita wote, Nkongolo alimwogopa, akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akatandika mkeka juu, akamwita aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma alimwonya kwa mlio wa ngoma, na kijana akaruka akakimbia. Babu yangu alipofika kwenye mkeka ule sote tulishika pumzi, ingawa tulikuwa tumeisikia mara mia. Tulijua shimo lipo. Tulichoshindwa kukizoea ni kwamba aliyelichimba ni mjomba mtu, ndugu ya mama yake, mtu ambaye ndiye angepaswa kumkinga. Mwondolee msikilizaji ule ujomba, mwambie tu kwamba mtu fulani alimchimbia mtu fulani shimo, uone kama kuna mtoto atashika pumzi.

Kwa hiyo siri zipo katika mchezo wetu, ila kila siri wanaijua watu wawili. Siri ya mtu mmoja, inayojulikana na mwendeshaji peke yake, mezani ni sawa na siri isiyokuwepo, imelala mfukoni. Siri ya wawili inatembea. Wale wawili wanatazamana, mmoja anakohoa, wa tatu anaanza kuhisi, na hapo una mchezo wa mwezi mzima.

Ili tusisahau nani ana nini na nani, nilitengeneza kitambaa. Ni kipande cha pamba nyeupe kilichobaki kwenye shati la mteja, upana wa mkono mmoja. Kila mhusika ana kifungo chake: Lumbwe ana cha shaba cha koti la zamani, Senga ana cha mbao, Kito ana kidogo cha lulu ambacho binti alikichagua mwenyewe ndani ya kopo langu. Kati ya kifungo na kifungo nimepitisha uzi. Mwekundu ni deni, wa buluu ni undugu au malezi, mweusi ni siri, wa kijani ni msaada uliotolewa bila kudaiwa. Uzi wa misalaba 11 nimeushona mara mbili uwe mnene. Deni likilipwa ninaufumua mbele yao wote, na tundu za sindano zinabaki.

Mzee mmoja mteja wangu alikiona kitambaa hicho akakaa chini kwenye kiti, akakipapasa. Aliniambia habari za lukasa, ule ubao wa Waluba wenye shanga na vikauri, ambao watu wa kumbukumbu walikuwa wakiushika kwa mkono wa kushoto na kuupitisha kidole cha mkono wa kulia, wakisimulia wafalme na njia na undugu. Shanga ni zilezile, lakini msomaji mmoja hasomi sawasawa na mwingine, wala katika shughuli hii hausomwi kama katika ile. Sidai kwamba pamba yangu ni lukasa. Lakini tangu siku hiyo kabla ya kuanza kucheza kila mmoja anaweka kidole kwenye kifungo chake, anafuata uzi mmoja, anasema alichokumbuka. Mara nyingi hakumbuki kama alivyosimulia mwezi uliopita, na sisi hatumsahihishi.

Je, inafaa kitu mchezo wenyewe unapochezwa? Niwaambie la Jumapili moja tu, miezi mitatu baadaye. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, tulikuwa na mshumaa. Kito alikamatwa na walinzi wa daraja. Binti akatia mkono koponi, akatoa kifungo namba 3, yaani ameshindwa kuponyoka. Walinzi, yaani mimi, wakataka misalaba 10 la sivyo wamtupe mtoni. Lumbwe alikuwa na misalaba 14, yote aliyoyachuma tangu tuanze, na wiki iliyofuata alikuwa anunue mvukuto mpya ambao fundi alikuwa ameuchora kwenye daftari na kuupaka rangi. Hakuniangalia mimi. Alikiangalia kitambaa. Kisha akasema kwa sauti ya Lumbwe, ile nzito: "Walinzi, chukueni 10. Na weye Kito, moja ya mwisho ya ile deni shika mukononi, umupelekee dada yako. Umwambie sikusahau." Binti anayeuza mkopo wa simu, ambaye siku nzima anasimama juani akibishana na watu juu ya faranga mia mbili, aliinamisha kichwa mezani. Nilichukua mkasi, nikaufumua uzi mwekundu. Ulikuwa mto uleule wa kundi la kwanza, Mhariri. Nilikuwa nimeurudisha makusudi.

Nimalizie kwa yule kijana wa Ruashi, kwa sababu barua hii naiandika hasa kwa ajili yake, na ameniruhusu.

Nilimrudia kabla hatujaanza upya. Nilimwambia tunaandika pamoja safari hii, na kwamba akitaka atakuwa wa kwanza kushika kalamu, ili hakuna kitu kitakachoandikwa kabla yeye hajaona. Alikuja. Alichagua kuwa mjuzi. Nilidhani ataandika mistari michache kama wengine. Aliandika kurasa mbili na nusu, hapo hapo mezani, na hakuna aliyemharakisha. Mtu wake ana mama. Ana baba anayefuga mbuzi. Ana bibi mkali, kaka wawili, dada watatu, na mtoto mchanga ambaye bado hajapewa jina. Aliwataja wote, na mbuzi pia. Wote wako hai. Nyumba ina paa. Hakuna kisa chochote kilichowapata. Halafu akainua uso akasema ana jambo lake moja la kuomba lisiguswe: watu hao wasife. Vita vije, mito ifurike, misalaba ya shaba iibwe, ila wao wasife, hata mbuzi.

Tuliahidi. Fundi aliahidi kwa kusimama.

Kisha daftari likazunguka, na kila mmoja akaandika jinsi alivyowahi kula katika nyumba ile. Senga alipelekwa pale akiwa na homa. Kito aliwahi kuiba sufuria pale, bibi akamkamata, akamwosha sikio, akamlisha. Lumbwe ndiye aliyejenga jiko lao. Katika kitambaa changu nyuzi za kijani zote zinaishia kwenye kifungo kimoja, na mtu akikitazama kwa mbali anadhani ni mti. Mwandishi wenu atasema nyumba isiyopatwa na jambo haina hadithi. Tumecheza mwaka mzima na miezi, na kila safari yetu imeanza au imeishia katika nyumba ile.

Jumapili iliyopita walifika tena, usiku, wamelowa, wawili wana majeraha. Mimi kama mwendeshaji ndiye ninayemsemea mama. Nikasema: "Karibuni wanangu, mmetoka wapi usiku huu?" Kijana akaninyooshea kidole cha kunisimamisha, kwa upole.

"Hapana, Mama," akasema. "Yeye haulize kwanza. Anamwanga maji ya kunawa, anangoja bakaushe mikono, bakule bukari kidogo. Njo anauliza."

Nikaanza upya, nikaleta maji.

Msomaji wenu, mshonaji,
Kamalondo, Lubumbashi